Mbabula yenye kutoa umeme: usilale nayo

Kwetu milimani, Butembo, Lubero ao Masisi, baridi ya usiku ni kali. Mama akimaliza kupika anaingiza mbabula ndani ya chumba, juu watoto wasisikie baridi, kisha anafunga dirisha. Anafanya vile kwa mapendo. Lakini asubuhi watu wanaamka na kichwa kinauma, na wengine hawaamki tena.

Siku hizi kuko mbabula za namna ingine, kama zile za kampuni BioLite ya Marekani. Zinachoma kuni, na papo hapo zinatoa umeme wa kuzungusha feni yao ndogo na kujaza telefone. Labda utauliza: «Na hii, naweza kulala nayo?»

Hapana uchawi ndani yake. Kuko kibamba kidogo, kama ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Upande mmoja unapata moto, upande wa pili unapozwa na upepo. Tofauti ile ya moto na baridi ndiyo inasukuma umeme. Mwaka 1821 Mjerumani Thomas Seebeck aliunga madini ya namna mbili, akapasha moto upande mmoja, akaona sindano ya dira inacheza. Na miaka ya 1950, kule Sovieti, walitengeneza taa ya petroli ambayo joto lake lilisemesha redio vijijini!

Umeme huo ni kidogo, wati chache tu. Usifikiri utapiga pasi. Faida kubwa iko kwa feni: inapuliza moto, kuni zinaungua vizuri, moshi unapunguka. Macho ya mama na mapafu ya mtoto yanapumzika kidogo. Hiyo ni faida ya kweli, usiidharau.

Lakini moshi kupunguka si sumu kuisha. Kuni na makala zinatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita mara 200 nguvu ya oksijeni, na mutu anakosa pumzi ndani ya damu bila kujua. Makala isiyo na moshi ndiyo inadanganya watu zaidi. Feni kuzunguka haisemi kama hewa ya chumba ni nzuri.

Tena kuko mtego mwingine. Moto ukifa, umeme unakufa. Mwenye kutaka telefone ijae usiku atakuwa anaongeza kuni usiku, mlango umefungwa! Ujaze telefone wakati wa kupika, nje ao chini ya paa lisilo na kuta. Wakati wa kulala mbabula ibaki nje, hata kama unaona majivu tu. Ndani tumieni blanketi, na watoto walale pamoja.

Ukikuta mutu analegea, anatapika ao hasikii, fungua mlango na umtoe nje upesi. Wewe usikawie ndani. Umlete hospitali hata kama ameamka, zaidi sana mama mwenye mimba, juu sumu inafika kwa mtoto tumboni. Na umwambie muganga kwamba mbabula ilikuwa ndani. Malaria pia inaleta kuumwa kichwa na kutapika, na bila neno lako anaweza kutoa dawa ya malaria wakati mgonjwa anahitaji oksijeni.