Mbwa ni Wako, Gharama ni ya Mtaa

Panda kutoka Kimara kwenda Goba, au ingia Madale kutokea Tegeta, uangalie mageti. Hutatembea sana kabla hujakutana na kibati chenye maandishi mekundu: MBWA MKALI. Nyumba nyingine hazina hata mbwa, kibati kinafanya kazi peke yake. Nyingine zina mbwa watatu na wenyewe hawakuona haja ya kumwandikia mtu chochote. Ukigonga utajua mwenyewe.

Dar es Salaam ya wazee wetu haikujengwa kwa ajili ya mbwa. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Temeke au Kariakoo ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, baraza mbele na uani nyuma. Uani ndipo panapopikwa, panapofuliwa na panapoogeshwa watoto, na choo kipo hapo hapo. Wapangaji wanashirikiana kila kitu. Mlango wa mbele unashinda wazi mchana kutwa, na ulinzi ni wa bibi aliyekaa barazani akichambua mchele: anamjua kila apitaye, na asiyemjua anamuuliza anamtafuta nani. Mbwa angelala wapi? Mbwa alikuwa wa mwindaji, wa mfugaji, na wa Mzungu wa Oysterbay, mtaa ambao enzi za ukoloni ulitengwa kwa ajili ya Wazungu.

Kisha mji ukatanuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Waliopata viwanja Mbezi, Goba, Chanika na Kigamboni hawakujenga nyumba za vyumba sita zenye baraza linalotazama barabara. Walijenga nyumba ya familia moja, wakazungusha ukuta, wakatia geti. Mwenye nyumba anatoka alfajiri kuwahi kazini mjini na kurudi saa mbili usiku, foleni ikiwa na huruma. Jirani wa kushoto naye yuko hivyo hivyo. Bibi wa barazani hayupo tena, na nafasi yake amepewa mbwa.

Kwa hiyo mbwa wa mjini, kwa desturi yetu, huajiriwa. Haletwi ndani kukaa kwenye kochi, ingawa watoto wa siku hizi wameanza kuwaonea wivu wenzao wanaofanya hivyo. Mchana anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa azunguke uwanja, na jina lake linatoka kwenye orodha ile ile ya siku zote: Simba, Bobi, Popi, Tomi. Mpangaji wa ghorofani Upanga au Kariakoo mara nyingi hana hata hilo la kufikiria, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawataki kusikia habari za mnyama.

Mshahara wa mwajiriwa huyu unaanzia jikoni. Kijijini mbwa hula makombo na kujitafutia. Mjini geti limefungwa, hana pa kujitafutia, na makombo ya familia ya watu wanne hayamtoshi. Kwa hiyo kuna sufuria lake, jeusi kwa masizi, lisilochanganywa na vyombo vya nyumbani. Ndani yake unasongwa ugali wa dona pamoja na dagaa waliovunjikavunjika, wale ambao muuzaji anawatenga chini ya fungu la kuuzia watu. Siku njema kuna vichwa vya samaki kutoka Feri au mapupu ya buchani. Kwa mbwa wawili wa kimo cha kati, sufuria hilo linakaribia kuwashibisha watu wazima watatu, na mkaa au gesi ya kulipikia haimo bado kwenye hesabu. Halafu kuna ya kukatazwa: mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha vikachoma utumbo, na mchuzi wenye vitunguu vingi, ambavyo humharibia mbwa damu. Dada wa kazi asipoambiwa haya, atamwaga chochote kilichobaki akiamini anamtendea wema.

Kinachofuata ni dawa. Kijana anayeuza watoto wa mbwa kando ya barabara atakuhakikishia kwamba wamekwisha chanjwa, na ushahidi wake ni maneno yake. Parvo, ugonjwa wa kuharisha damu, unaweza kumaliza uzao mzima ndani ya siku chache. Chanjo dhidi yake huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka apite wiki ya 16, na baadaye huhitaji marudio. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akifika miezi mitatu. Ongeza dawa ya minyoo na dawa ya kupe, maana kupe wa Dar hawana likizo. Wakati wa mvua wapo pia funza wanaojichimbia chini ya ngozi ya mbwa anayelala kwenye mchanga wenye unyevu. Ukiwa umependa mbwa mwenye manyoya mengi uliyemwona kwenye simu, kumbuka kwamba mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema. Februari ya Dar es Salaam, yenye joto na unyevu, ni mateso kwake, na utamlipia kwa maji, kivuli na daktari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo imeliweka jambo hili wazi: anayefuga mnyama anawajibika kwa hali yake.

Gharama hizi zote zinamhusu mwenye mbwa na mfuko wake. Ila mtaa nao unalipa, na hapo ndipo desturi zetu zinapopimwa. Chukua hodi. Ustaarabu wa pwani unamtaka mgeni apige hodi mpaka mara tatu, na mwenyeji aitike karibu kabla hajaulizwa shida. Palipo na mbwa, hodi inabadilika.

“Hodi! Jamani, mbwa mmemfunga?”

“Pita tu shoga, haumi huyo.”

“Haumi wewe. Mimi ananijua?”

Tunacheka, lakini angalia kinachotokea baadaye. Shoga huyo kesho hatakuja kuomba chumvi, atakwenda dukani. Mwezi wa Ramadhani, sahani ya futari iliyokuwa ikipitishwa na mtoto kutoka nyumba hii hadi ile inaishia kwenye geti lisilo na mbwa. Ukitokea msiba nyumbani kwako, waombolezaji wanaingia usiku wa manane bila kupiga simu, turubai linafungwa uwanjani, vijana wanalala nje. Jambo la kwanza ndugu wanalohangaika nalo, kabla hata ya kuchangishana, ni wapi pa kumpeleka mbwa.

Liko pia suala la twahara. Waislamu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa na unyevu wa mwili wake kuwa najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na Suratul Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na watu wa pangoni. Kwa hiyo si kwamba jirani yako mwenye kanzu anamchukia kiumbe wa Mungu. Tatizo ni saa kumi na moja alfajiri, pale anapoelekea msikitini akiwa na udhu wake, na Simba wako, uliyemwachia geti wazi “anyooshe miguu”, anamkimbilia kumnusa kanzu. Saa hiyo hiyo muuza vitumbua yuko njiani na beseni kichwani, na mwanafunzi anawahi daladala gizani. Wahenga walionya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Waliwalenga watu wasiojua mipaka ya mazoea, lakini mwenye mbwa wa mjini anaweza kuichukua methali ile jinsi ilivyo.

Gharama kubwa kuliko zote ni kuumwa. Kichaa cha mbwa kinasafiri kwa mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Duniani, karibu maambukizi yote kwa binadamu yanatokana na mbwa. Kinga ipo, tena ni ya siku nyingi: Louis Pasteur alimchanja binadamu wa kwanza mwaka 1885, na tarehe aliyofariki, 28 Septemba, sasa ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Sindano si moja. Kuna kurudi tena na tena, kila safari na nauli yake na siku ya kazi iliyopotea. Anayezunguka hivyo ni mama wa mtoto aliyeumwa, na pengine hajawahi kufuga hata kuku. Mitaani kesi hii huanzia kwa mjumbe, na desturi iko wazi: mwenye mbwa agharimie matibabu na atoe cheti cha chanjo. Hapo wengi huanza kuutafuta uchochoro: “Huyo mbwa si wangu, anakujaga tu kula.”

Wataalamu wa afya wanasema mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 ya waliopo, mnyororo wa ugonjwa unakatika. Pemba waliufuata mwendo huo, kampeni baada ya kampeni, wakaung’oa. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena mpaka ukatoweka. Kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, wala si maarufu kwa kupenda mbwa, kiliwapeleka mbwa wake kuchomwa sindano kwa sababu kilielewa kwamba sindano ya mbwa ni kinga ya mtoto. Bara nako bwana mifugo wa kata hutangaza siku ya chanjo, mara nyingi bure, kwenye viwanja vya shule au ofisi ya kata. Utakuta vijana wamewafunga mbwa kamba za manila na vipande vya kanga, na mwenye gari la fahari amemtuma mtoto wa jirani.

Na uzazi nao usisahaulike. Jike hushika joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba ya siku 63 hivi. Madume ya mtaa mzima yatakesha getini kwako yakipigana, na jirani mwenye mtoto mchanga hatalala. Watoto wakizaliwa, wawili watapata wenyewe, waliobaki wanaishia kwenye kiroba karibu na jalala. Ndio hao wanaokua wakawa mbwa koko, na ndio halmashauri inaowatangazia msako wa kuwaua baada ya watu kuumwa. Kumhasi mbwa kuna bei yake kwa daktari, lakini ni bei inayolipwa mara moja.

Hapo ndipo ninapouona mkanganyiko wetu. Tumemleta mbwa kwa sababu jirani hatuonani naye tena, kisha tukamfuga kwa namna inayomfukuza hata yule jirani aliyebaki. Mbwa peke yake hawezi kuizuia nyumba isivunjwe, anabweka tu. Kubweka kuna faida pale ambapo kuna mtu upande wa pili wa ukuta atakayewasha taa, apige filimbi ya ulinzi shirikishi na kuuliza kulikoni. Jirani uliyemchosha kwa kelele, aliyenyimwa usingizi na ambaye mtoto wake aliumwa akazungushwa, atavuta shuka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbwa mzuri anauzwa wapi, nenda kwanza kwa majirani wako, ukutani kushoto na kulia, uwaambie unakusudia kufuga. Mwulize anayekwenda msikitini anapita saa ngapi, ufunge geti kabla ya saa hiyo. Waonyeshe cheti cha chanjo kila mwaka bila kuombwa, na watoto wao wazoeane na mbwa mbele yako. Hayo yote hayana bei dukani. Kama yanakushinda, nunua taa na kufuli zuri: havili dagaa, na havimfukuzi mtu aliyekuletea futari.