Kwa nini mtoto hakurudi kwa dozi ya nne: jinsi majibu ya maswali wazi yanavyogeuzwa takwimu

Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria ya RTS,S huko Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Migori ilikuwa mojawapo ya kaunti nane za magharibi mwa nchi zilizoingizwa katika awamu hiyo ya majaribio. Kwa ratiba ya wakati ule, mtoto alipewa dozi akiwa na umri wa miezi 6, 7 na 9, kisha dozi ya nne akiwa na miezi 24. Ya miezi 9 ina bahati, kwa kuwa siku hiyo mtoto huchanjwa surua pia. Surua ya pili hutolewa miezi 18. Baada ya hapo mama hakuwa na miadi nyingine ya sindano iliyomrudisha kliniki, isipokuwa hiyo ya malaria peke yake.

Mtafiti anayetaka kujua kwa nini mtoto fulani hakuipata dozi ya nne anaweza kumpa mama orodha ya sababu achague. Akifanya hivyo, atapata zile sababu alizokuwa nazo kichwani kabla ya kuvuka kwenda kisiwa cha Mfangano au kushuka Muhuru Bay. Heri amwache aeleze mwenyewe. Taabu huja baadaye, pale majibu 400 ya Kidholuo, Kikuria na Kiswahili yanapokuwa yamejaa kwenye lahajedwali, na wakubwa wanataka asilimia. Mtu lazima asome kila jibu na kulipa msimbo, yaani alama fupi inayosema jibu hili ni la aina gani. Ofisi nyingi humwachia kazi hiyo kijana aliyeajiriwa juzi. Naamini wanakosea, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa nani atabeba lawama.

Chukua jibu hili, ambalo nimelitunga kwa ajili ya mfano: “Nilimpeleka Jumanne wakaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi nilikuwa Mbita nauza omena, halafu nikasahau.” Msimbaji mwenye haraka ataona neno la mwisho na kuandika “alisahau”. Majibu kama hayo yakifika 90, ripoti itasema akina mama wanasahau, na mradi utanunua ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Lakini mama huyu alikumbuka. Alifika siku yake akarudishwa. Huenda sababu ya kurudishwa ni kwamba kichupa kimoja cha RTS,S kina dozi mbili, na kikishachanganywa hakipaswi kutumika baada ya kupita muda wa saa 6. Muuguzi mwenye mtoto mmoja tu mlangoni anaweza kusita kukifungua. Dawa ya tatizo hilo ni kupanga siku za chanjo upya au kumruhusu muuguzi amwage dozi iliyobaki. Simu ya mama haihusiki.

Kwa hiyo usilazimishe jibu moja libebe msimbo mmoja. Ipe kila sababu safu yake, kisha andika 1 ikiwa imetajwa na 0 ikiwa haikutajwa. Jibu la yule mama litapata 1 chini ya “alifika akarudishwa”, 1 chini ya “biashara au safari”, na 1 chini ya “alisahau”. Wapo wanaobana misimbo yote katika kisanduku kimoja, “2,5,7”, halafu wanashangaa hesabu zinagoma. Safu za 1 na 0 hujumlishwa kwa SUM, na AVERAGE hukupa sehemu ya waliotaja sababu hiyo papo hapo. Kisanduku kitupu nacho kina maana yake: jibu halijasomwa. AVERAGE hukiruka, basi hakikisha hakuna kilichobaki kitupu kabla ya kutoa takwimu.

Jibu asilia lisiguswe kamwe. Namba ya mhojiwa, maneno yake katika lugha aliyoyasema, tafsiri, kisha safu za misimbo: vyote vikae katika mstari mmoja, na nakala ya kwanza ifungwe kando. Ukipanga safu moja peke yake kwa alfabeti huku nyingine zimetulia, umempa mama wa Nyatike maneno ya mama wa Kuria, na hakuna fomula itakayokustua.

Misimbo yenyewe hutoka katika kusoma. Soma kama majibu 60 yaliyochukuliwa kutoka wadi mbalimbali kabla ya kubuni hata mmoja, maana sababu za kisiwa cha wavuvi wanaohamahama si zile za machimbo ya dhahabu ya Macalder. Kisha, katika ukurasa mwingine wa lahajedwali, andika kitabu cha misimbo: jina la kila msimbo, maelezo yake, kinachoingia, kisichoingia, na jibu moja la mfano. Sehemu ya “kisichoingia” ndiyo inayoepusha ugomvi. Mfano: “Alisahau: usitumie peke yake ikiwa mama anasema aliwahi kufika kituoni.”

Halafu watu wawili wasimbe majibu yaleyale 100, kila mmoja kivyake. Wakikubaliana katika 90, wengi wataridhika. Mimi ningetazama zaidi. Tuseme kila mmoja ameweka “alifika akarudishwa” kwenye majibu 10, lakini ni majibu 5 tu waliyokutana. Majibu 85 wote wawili wameyaacha. Makubaliano ni 90, kweli, ila kwa kubahatisha tu wangefikia 82, kwa kuwa msimbo huo ni wa nadra. Kipimo cha kappa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 huondoa bahati hiyo: 8 gawanya kwa 18, yaani 0.44. Hiyo ni hafifu. Wakae pamoja, wasome yale 10 waliyotofautiana, warekebishe kitabu, wasimbe tena kundi jipya.

“Nyingineyo” ikizidi sehemu moja ya kumi ya majibu, ifungue. Mara nyingi ndani yake mna sababu nzima iliyokosa jina, kama vile mama aliyekaripiwa kwa kupoteza kijitabu cha kliniki.

Kufuta majina hakutoshi kutimiza Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Katika ufuo mdogo, “mume wangu alizama Machi” ni jina kamili, na jibu la namna hiyo halifai kunukuliwa pamoja na jina la ufuo.

Unapochora jedwali la mwisho, andika juu yake kwamba asilimia ni za akina mama waliojibu, na kwamba zitapita 100 kwa sababu mama mmoja aliweza kutaja sababu kadhaa. Na “alifika akarudishwa” iwe na mstari wake, hata kama ni asilimia 6.