Methali ya Nzi Imemsahau Mwenye Kidonda

Hakuna mwalimu wa Kiswahili nchini asiyepata kuandika ubaoni methali isemayo kwamba nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Maana yake huelezwa upesi: akipendacho mtu, hata akihiliki kwa ajili yake, si ajabu. Kisha mwalimu huhamia methali nyingine. Lakini hebu tazama, msomaji, jinsi usemi huu ulivyopangwa. Nzi amepewa cheo cha shujaa wa mapenzi, kidonda kimefanywa ukumbi wa kufia, na mwenye kidonda hatajwi kabisa. Angekuwa binadamu angalau angempunga nzi kwa mkono. Punda hana mkono. Ana mkia, nao haufiki mabegani.

Nimezitafakari methali za punda kwa muda mrefu kwa kuwa ni sehemu ya kazi yangu, na sioni hata moja inayomwonea huruma. Fadhila ya punda ni mateke. Punda afe, mzigo ufike. Katika miaka ya karibuni mwananchi aliyelemewa na kodi amezoea kusema kwamba "punda amechoka", na kila mtu humwelewa. Tumelitwaa jina la mnyama huyu tukajivika wenyewe, ila kidonda chake tumemwachia.

Nilialikwa wakati fulani kuzungumzia fasihi simulizi katika shule moja ya upili iliyoko katika sehemu kame za mashariki mwa nchi. Nyuma ya jiko palisimama mkokoteni uliokokotwa na punda wawili, umeleta mitungi ya maji. Mmoja wao alikuwa na kidonda cha upana wa kiganja pale shingo inapokutana na mgongo, mahali nira inapokalia. Nzi walikuwa wamekifunika hata rangi ya nyama haikuonekana mpaka alipotetemesha ngozi. Wakaruka, wakatua tena. Wanafunzi walipita na vikombe vyao vya uji. Nilimuuliza kijana mwenye mkokoteni anakitibu kwa nini. "Kwa oili chafu ya gari, mwalimu," akanijibu. "Baba pia alitumia hiyo."

Sikumlaumu. Oili hiyo kweli huwafukuza nzi kwa saa chache, na mtu hushika dawa anayoiona ikifanya kazi. Tatizo ni kwamba huichoma nyama changa inayojaribu kuota, hunasa vumbi, na kidonda ambacho kingefunga baada ya wiki kadhaa hubaki wazi kwa miezi. Wapo pia watiao majivu, na wapo wachomao kwa chuma cha moto. Kila mmoja anapigana na nzi kwa silaha inayomuumiza punda kuliko nzi.

Lugha yetu, ajabu, inaujua ugonjwa huu vizuri kuliko tunavyodhani. Jeraha ni lile la leo: kamba imekata, msumari umechana. Likikaa bila kufunga huwa kidonda. Kidonda kikikithiri huitwa donda, na likishindikana kupona huitwa donda ndugu. Mpangilio huo wa majina ni historia kamili ya maradhi, na aghalabu anayelivusha jeraha kutoka daraja moja hadi nyingine ni nzi. Ongeza hapo neno pepopunda. Watoto wetu huchanjwa dhidi ya maradhi haya, lakini ni wachache wanaojiuliza punda ameingiaje katika jina lake. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, na farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo kwa urahisi mno: misuli hukakamaa, taya hufungana, na wengi hufa. Mwenye kupaka mavi ya ng'ombe juu ya jeraha la punda ili kuzuia nzi anayaalika maradhi yaliyobeba jina la mnyama wake.

Nzi wa nyumbani hana meno. Hutema mate juu ya chakula, yakakiyeyusha, kisha akafyonza. Usaha na majimaji ya kidonda ni chakula ambacho tayari kimeyeyushwa, ndiyo maana hakipiti. Alikotoka, mara nyingi, ni kwenye mavi ya punda huyo huyo. Jike hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja, na penye joto kama letu siku 10 hivi zatosha yai kuwa nzi anayeruka. Yupo mnyoo mmoja wa tumboni mwa farasi na punda, aitwaye habronema, ambaye ameutumia mzunguko huu kwa hila. Mayai yake hutoka na mavi, huingia katika mabuu ya nzi, na nzi akishakomaa huwapeleka wana wa mnyoo mpaka kwenye midomo, kwenye pembe za macho na kwenye vidonda. Hapo kidonda huota nyama yenye chembe ngumu, isiyokubali kupona kwa kuoshwa tu.

Mbaya zaidi ni nzi wa funza anayeishi katika sehemu nyingi za Afrika na Asia, Chrysomya bezziana kwa jina la kitaalamu. Huyu hatafuti usaha. Hutaga kando ya jeraha bichi, hata lililoachwa na kupe, na kabla ya siku kuisha mabuu huanguliwa na kuanza kula nyama iliyo hai. Binamu yake wa Amerika alipoonekana Libya mwaka 1988, mataifa yalishirikiana kuagiza kutoka Mexico nzi waliohasiwa kwa mionzi, zaidi ya bilioni moja, wakamwagwa kutoka angani mpaka majike yakakosa kuzaa, na kufikia 1992 nchi ikawa imesafika. Unguja nayo ilimwondoa mbung'o kwa mbinu hiyo hiyo mwaka 1997. Hayo ni mambo ya serikali na ndege. Mwenye punda mmoja ana ufagio.

Na ufagio si silaha haba. Mavi yakizolewa angalau mara mbili kwa wiki, yakatandazwa juani mpaka yakauke au yakarundikwa mbali na kufunikwa yachachuke kwa joto lake, mabuu hufa kabla ya kupata mbawa. Mwarobaini, ambao pwani haukosi uani, una mafuta ambayo harufu yake nzi hawaipendi. Tunalo pia pareto, ua la nyanda za juu za Nakuru na Nyandarua, ambalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu kwa kulilima. Dawa zitokanazo na pareto huua na kufukuza nzi, lakini hupakwa kuzunguka kidonda, juu ya nywele safi, hazitiwi ndani. Dawa ya kunyunyizia mazao isimguse mnyama kamwe. Hata dawa za kupe zina hatari zake: amitrazi, ambayo ng'ombe huistahimili, yaweza kuyafanya matumbo ya farasi na jamaa zake yasimame.

Kidonda chenyewe huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, baada ya kukata nywele zinazokizunguka. Chini yake, pale majimaji yanapochuruzika, hupakwa mafuta ya mgando ili ngozi isichubuke na nzi wasipate ngazi. Kikiwa mahali panapofungika, hufunikwa kwa kitambaa safi cha pamba kinachobadilishwa kila siku. Nailoni hufungia jasho ndani na kuozesha. Juu ya macho, utepe wa paji wenye nyuzi zinazoning'inia hufanya kazi ambayo mkia hauwezi. Farasi wa matajiri huvishwa barakoa nzima ya wavu, lakini nyuzi za gunia pia hupepea. Mabuu yakionekana kidondani, au harufu ikabadilika, aitwe daktari wa mifugo. Lamu wana bahati katika hili, kwani shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kazi yake huko mwaka 1987. Kwingineko yabidi kumtafuta afisa wa mifugo wa kaunti.

Kuna kinga nyingine ambayo punda wenyewe wanaijua. Waache wawili huru kivulini, nao watasimama ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, kila mmoja akimpungia mwenzake nzi usoni. Tukimfunga mmoja pekee yake juani tumemnyang'anya hata huo msaada.

Lakini hakuna dawa itakayoshinda nira mbovu. Nira ya mbao iliyobuniwa kwa shingo ya ng'ombe humsaga punda, ambaye umbo lake humtaka avute kwa mkanda mpana wa kifuani. Kidonda kikioshwa asubuhi kisha kikarudishiwa nira saa mbili, tumewaandalia nzi meza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumtumikisha mnyama ambaye jeraha au maradhi yamemfanya asifae kazi. Sheria ipo, kijana yule naye yupo, na nilipomshauri ampumzishe punda wake aliniuliza swali moja tu: "Akipumzika, mimi nitakula nini?"

Hilo si swali la kupuuzwa na mtu mwenye mshahara. Punda si mnyama wa kubadilishwa kirahisi tena. Tangu machinjio yalipofunguliwa nchini mwaka 2016 kulisha biashara ya ngozi ziendazo China, punda waliibwa na kuchinjwa kwa wingi mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2020. Mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuisimamisha biashara hiyo barani. Punda akifa, maji hurudi migongoni mwa wanawake na wasichana, na baadhi ya wasichana hao ndio wanaotakiwa kuwa darasani saa hiyo. Kwa hiyo nilimwendea mwalimu mkuu wa shule, mnunuzi mkubwa wa maji yale, nikamwomba amlipe kijana wiki tatu mapema, na ashone mkanda wa kifuani kwa turubai kuukuu katika karakana ya shule. Alisema atalifikisha mbele ya halmashauri. Bado nasubiri barua.

Wakati huo huo, walimu wanaotafuta kazi ya mradi kwa wanafunzi wa baiolojia au wa Kiswahili wasiende mbali. Nywele zinazoota juu ya kovu la punda aghalabu huwa nyeupe, hivyo mgongo wake huweka kumbukumbu. Wapelekeni sokoni siku ya gulio, na daftari mkononi. Waandike alama nyeupe ziko wapi: palipokalia nira, palipopita kamba chini ya mkia, palipobanwa na shogi. Kisha wahesabu sehemu ambazo bado ni nyekundu, na waulize, kwa adabu, kila mwenye punda hupaka nini.