Homa Inapoufichua Moyo

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alitangaza kuwa virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali, vimegunduliwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa maabara. Wote 10 walifariki. Baada ya msiba kama huo, na kwa malaria ilivyozoeleka Biharamulo na Ngara, ni haki homa ikizua kwanza swali la kijidudu. Swali la pili huulizwa mara chache: je, katika ukoo wa mgonjwa mwenye homa, yuko aliyekufa ghafla akiwa kijana?

Swali hilo lahusu moyo, nao hupiga kwa umeme. Kwenye kuta za chembe zake mna vijia vinavyopitisha sodiamu na potasiamu, na mapigo hutegemea vijia hivyo kufunguka na kujifunga kwa wakati. Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza habari za wagonjwa 8 ambao mioyo yao ilionekana mizima, ila kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa na mchoro wa pekee. Baadaye kasoro ya jeni iitwayo SCN5A ilipatikana kwa baadhi ya wenye hali hiyo, inayoitwa kwa jina lao, Brugada. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kijia cha sodiamu, na kijia chenye kasoro huzidi kuharibika joto la mwili linapopanda. Hivyo mtu aliyeishi miaka 30 bila shida anaweza kuzirai, hata kufa usingizini, kwa homa ya mafua. Homa ikishuka, mchoro huweza kurudi wa kawaida kabisa.

Wapo pia waliorithi moyo unaochelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwao kutapika na kuhara ni hatari, maana potasiamu hupungua. Dawa za kwinini na azithromaisini huweza kuongeza ucheleweshaji huo. Kwa wagonjwa kwa jumla, dawa mseto ya malaria isiogopwe: Shirika la Afya Duniani lilipochunguza dawa za malaria, lilikuta vifo vya ghafla vya moyo ni nadra mno, isipokuwa kwa halofantrini.

Kinachonisikitisha ni jinsi magonjwa haya ya moyo yanavyojificha nyuma ya majina tuliyoyazoea. Mtoto akianguka na homa, tunasema degedege, na mara nyingi ni kweli. Kijana akianguka akikimbia, tunasema kifafa. Lakini mapigo yakivurugika ubongo hukosa damu, na mtu hutetemeka vilevile.

Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi na huchukua dakika chache. Kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kasoro ya Brugada kifanyike homa ikiwa bado juu. Hata hivyo, homa yenyewe ishushwe mapema kwa parasetamoli. Mzazi mwenye kasoro ya Brugada anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kwa hiyo ndugu nao wapimwe. Kama kwenu yuko aliyekufa ghafla kabla ya uzee, au anayezirai bila sababu, mwambie tabibu wa zahanati kabla hajakuandikia dawa.