Tumbaku ya kiko: kwa nini babu anaibana chini ya jiwe

Ukitaja tumbaku Kibondo au Kasulu, wengi mnafikiria mabani ya kukaushia na mitumba inayopelekwa chama cha msingi. Hiyo ni tumbaku ya mvuke, ya kuuza. Mimi naongelea ile ya wazee, ya kiko.

Babu yangu wa Kasulu hupanda mashina machache nyuma ya nyumba. Majani haendi nayo kwenye bani, anayatundika darini juu ya jiko mpaka yawe kahawia. Ukivuta hapo hapo inakata koo balaa. Kwa hiyo anatoa mshipa wa kati, ananyunyizia maji, anaongeza asali kidogo kutoka Kibondo, anatwanga kwenye kinu. Halafu anafinyanga donge, analifunga kwa majani makavu ya mgomba, anakaza kamba kwelikweli na kuweka jiwe juu. Miezi mitatu, minne, wakati mwingine mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja.

Kubana kunafanya nini? Hewa inatoka, unyevu unabaki ndani na kusambaa sawasawa. Jani linaanza kuchacha polepole, tena linapata joto lenyewe. Wiki za mwanzo linatoa amonia, ile harufu ya zizi la mbuzi inayochoma pua. Ikishaisha hiyo ndo utamu unakuja. Jani la mvuke nalo hubadilika, ila taratibu zaidi, maana moto wa bani unapunguza nguvu ya vimeng'enya vyake. Na msidhani ni mambo ya kijijini tu: kule Louisiana, Marekani, kuna tumbaku inaitwa perique, wanaibana kwenye mapipa karibu mwaka mzima.

Shida yote ni maji. Mwaka 2009 babu alienda msibani Kibondo akaniachia madonge manane. Nikayaona yamekauka, nikamimina kikombe kizima. Aliporudi, ukungu wa kijani ulikuwa umefika mpaka katikati. Hakunigombeza jamani, afadhali angenigombeza. Alichimba shimo akayafukia yote, na mwaka ule akawa ananunua ya kupima sokoni. Baadaye ndo akanionyesha kipimo: jani ukilikunja lisivunjike, ukilikamua lisitoe hata tone.

Kuna wajanja wanasema iliyochacha haina madhara kwa sababu ni laini kooni. Uongo mtupu! Nikotini bado imo, na kwenye kuchacha bakteria wanaweza kuongeza kemikali za kansa. Na wewe uliye chini ya miaka 18, sheria ya 2003 inakataza kabisa kukuuzia. Mimi mwenyewe sivuti, najua kubana tu.

Mwaka jana nilimbania babu madonge sita. Alifungua moja, akalinusa weee, akalifunga tena.

"Mjukuu wangu, bado. Rudisha jiwe."