Seli hai zinazogundua bakteria kwenye chakula

Si kila chakula chenye madhara hunuka au kubadilika ladha. Nyama inaweza kuonekana safi kabisa, kumbe imebeba bakteria wa kuua. Mmoja wao ni Listeria monocytogenes.

Bakteria huyu huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Wanaodhurika zaidi ni wajawazito, watoto wachanga, wazee na watu wenye kinga dhaifu ya mwili. Mama mjamzito anaweza kuhisi homa ndogo tu, kumbe mimba iko hatarini kuharibika. Huko Afrika Kusini, kati ya mwaka 2017 na 2018, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki. Machi 2018 serikali ilitangaza kuwa chanzo ni poloni, nyama ya kusindikwa ambayo watu wengi huila bila kuipika tena.

Kwa nini ni vigumu kumgundua mapema? Kwanza, dalili zinaweza kuchelewa hata siku 70, na mgonjwa hakumbuki tena alikula nini. Pili, njia ya kawaida ya maabara ni kuotesha bakteria, kazi inayochukua siku kadhaa. Kupima vinasaba ni haraka zaidi, lakini kipimo hicho kinaweza kuonyesha hata vinasaba vya bakteria aliyekwisha kufa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, akiwemo Profesa Arun Bhunia, walijiuliza: ni nani anayeijua sumu kuliko seli inayodhurika nayo? Mwaka 2008 walichapisha utafiti wa kipimo kinachotumia seli hai za kinga zinazotokana na panya. Seli hizo hufunikwa kwa utando laini wa kolajeni, ndani ya vishimo vidogo vya sahani ya maabara, kisha huwekewa sampuli.

Kama kuna Listeria hai mwenye madhara, sumu yake hutoboa ngozi ya seli. Kimeng'enya kilichokuwa ndani huvuja, na dawa maalumu ikiongezwa rangi hubadilika. Katika majaribio hayo, bakteria wenye madhara waliziharibu seli kwa kiasi cha asilimia 24 hadi 98 ndani ya saa 3 hadi 6. Ndugu zao wasio na madhara waliziharibu kwa chini ya asilimia 8 tu. Faida yake ni kwamba kipimo hakiulizi tu kama bakteria yupo, bali kama anaweza kudhuru.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka. Seli hai zinahitaji chakula na joto maalumu, la sivyo hufa. Aidha, seli huonyesha kuwa kuna madhara bila kutaja jina la mhusika, kwani hata sumu ya Bacillus cereus huziharibu. Hivyo uchunguzi zaidi bado unahitajika.

Huyo Bacillus cereus tunaishi naye majumbani. Hupatikana kwenye wali ulioachwa nje usiku kucha, na moja ya sumu zake haiharibiki hata kiporo kikipashwa moto. Kwa hiyo, wakati maabara zinaendelea na kazi yake, jikoni tuzingatie haya:

- Osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.
- Tenga nyama mbichi na chakula kilichoiva, pamoja na visu na vibao vyake.
- Pika mpaka ndani kuive, joto lifike nyuzi 70 za Selsiasi.
- Usiache chakula kilichopikwa nje zaidi ya saa 2.
- Mjamzito asile poloni au soseji bila kuipasha mpaka itoe mvuke, na asinywe maziwa yasiyochemshwa.

Kipimo kizuri hugundua hatari iliyokwisha ingia kwenye chakula. Kuizuia isiingie ni kazi yetu sisi tunaopika.