Kompyuta ya gemu ya mkononi: usiinunue kama PlayStation

Swali hili limenijia mara tatu mwezi huu, mara mbili kutoka kwa wazazi na mara moja kutoka kwa kijana wa Ukunda anayefanya kazi hotelini Diani: hii Steam Deck ni kitu gani, na je, yafaa mtu kutoa elfu sabini au themanini kwa ajili yake? Ninayo kwa zaidi ya mwaka sasa, niliinunua kwa jamaa yangu aliyerudi likizo kutoka Doha, kwa hivyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Ukiiona utadhani ni ndugu yake Nintendo Switch: skrini katikati, vitufe huku na huku, inashikwa kwa mikono miwili. Lakini ndani ni kompyuta kamili. Kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la gemu liitwalo Steam, waliitoa Februari 2022 kwa bei ya kuanzia dola 399. Novemba 2023 wakaleta yenye skrini bora ya OLED, kuanzia dola 549. Wengine nao wakaingia: ASUS na ROG Ally katikati ya 2023, Lenovo na Legion Go mwishoni mwa mwaka huo huo. Hizo mbili hutumia Windows. Steam Deck hutumia mfumo wa Valve wenyewe, SteamOS, uliojengwa juu ya Linux. Shika tofauti hiyo, maana ndiyo itakayokuuma mfukoni.

Dola 549 ni kama elfu sabini na moja kwa kiwango cha shilingi 129. Hiyo ilikuwa bei ya kwao ilipotoka, si ya kwetu. Valve hawajawahi kuiuza rasmi Kenya wala nchi yoyote ya Afrika. Inayofika hapa imekuja kwenye sanduku la mtu aliyesafiri, au imeagizwa na mfanyabiashara akalipia VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza bidhaa, kisha akaweka faida yake. Na ikiharibika hakuna wakala wa kumrudia. Dhamana iliyoandikwa kwenye karatasi ni ya nchi ilikonunuliwa. Ukiwa Msambweni, dhamana yako ni yule fundi utakayempata Mombasa, na wengi wao hawajawahi kuifungua.

Sasa tuje kwenye mpira, kwa sababu najua vijana wetu wananunua kwa ajili hiyo. Vibanda vya gemu kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga vinaishi kwa mpira, na mtu akisikia “gemu zote za PC” anajua moja kwa moja kwamba EA Sports FC imo. Gemu hiyo inauzwa Steam, ni kweli. Lakini EA wameifunga na programu ya kuzuia ulaghai ambayo haikubali kufanya kazi ndani ya Linux. Matokeo yake ni kwamba Steam Deck ilivyo kutoka kiwandani haiichezi. Utailipia, utaipakua kwa bando lako, kisha itakataa kufunguka. Fortnite na PUBG za kompyuta zina kikwazo cha namna hiyo hiyo. Kuna wanaoweka Windows ndani ya Steam Deck, ila hiyo ni kazi ya fundi, na anayekuahidi kwamba baada ya hapo mpira utacheza tu, mwambie akuonyeshe kabla hujalipa. Anayetaka mpira na hataki masumbuko, achukue yenye Windows, au abaki na PlayStation yake.

Na kwa kuwa nimetaja vibanda: kuwekeana hamsini hamsini juu ya mechi ni kamari, iwe kwenye runinga au kwenye kidude cha mkononi. Mimi si shekhe, lakini hilo halihitaji fatwa. Mzazi anayeuliza kama gemu ni mbaya aanze kuuliza pesa zinakwenda wapi.

Jambo ambalo video za wazungu hazitakwambia ni joto. Valve wenyewe walisema mwaka 2022, wakati Ulaya ikiungua kwa jua, kwamba Steam Deck hufanya kazi vizuri penye joto la hewa kati ya sufuri na digrii 35. Likizidi hapo, mashine inajipunguzia kasi ili isijiumize. Kwao hilo lilikuwa tangazo la dharura. Kwetu ni Februari na Machi ya kila mwaka, na chumba chenye paa la mabati saa nane mchana hakihitaji kipimajoto ili ujue kimepita kiwango. Gemu itaanza kukwama, feni itapiga kelele, na mikono itatoka jasho. Chini ya makuti, au baada ya isha upepo ukianza, tofauti utaiona mwenyewe. ROG Ally ya kwanza nayo ilipata tatizo lililojulikana dunia nzima: sehemu ya memori kadi iliharibika kwa sababu ya joto, na ASUS wakakiri. Anayekuuzia ya mwaka 2023, jaribu memori kadi mbele yake.

Halafu kuna chumvi. Feni inavuta hewa kwa nyuma na kuitoa kwa juu, na hewa yetu ya Diani, Gazi na Shimoni, hasa kusi likivuma, imebeba bahari ndani yake. Tumeona inavyokula bawaba za milango, sembuse tundu la chaji. Usiitoe ufukweni, basi. Mchanga mmoja kwenye kitufe cha kidole gumba unatosha kuanza balaa. Mimi huiweka ndani ya mkoba wake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Havigharimu kitu.

Upande wa stima ndipo kidude hiki kinaponifurahisha. PlayStation 5 inakula karibu wati 200 ikicheza, bado runinga. Hii, ikicheza gemu nzito, ni kama wati 25 pamoja na skrini yake. Uniti moja ya tokeni inayokwisha kwa saa tano kwenye PlayStation itaijaza hii zaidi ya mara kumi. Stima ikipotea saa mbili usiku, wewe unaendelea. Usitegemee maajabu ya betri, hata hivyo: gemu kubwa huimaliza kwa kama saa mbili, gemu ndogo ndogo hufika saa sita na zaidi. Chaja yake ni ya wati 45. Chaja ya simu ya kawaida, au lile tundu la sola ndogo ya nyumbani, haitaweza kuijaza huku ukicheza.

Bando ni mtihani mwingine. Gemu kama Baldur’s Gate 3 au Red Dead Redemption 2 zinadai nafasi ya GB 150 kila moja. Hapo ndipo vijana wanapokata tamaa, kumbe kuna njia. Tangu 2023 Steam inakuruhusu kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine zikiwa kwenye Wi-Fi moja, bila kupakua upya. Kila mmoja lazima awe amelinunua lake kwenye akaunti yake, lakini wenzi wanne wakipanga, bando zito linatumika mara moja. Ukishaifungua gemu mara ya kwanza ukiwa na intaneti, nyingi za kucheza peke yako hukubali kuendelea bila mtandao. Malipo ni kwa dola. Kadi ya M-Pesa ya Visa inafaa. Na gemu usiyoipenda unaweza kudai pesa zako ndani ya siku 14, mradi hujaicheza saa mbili.

Wazazi, hapa nasema nanyi. Bei hii kwa mchezo peke yake ni kubwa mno. Lakini shikilia kitufe cha kuwasha, chagua upande wa kompyuta, unganisha kibodi na kipanya na runinga kwa kebo, na una mashine ya kuandikia. LibreOffice ni ya bure. Nimejaza ritani za KRA juu yake na nimeandika makala haya juu yake. Kijana wa chuo anayeomba laptopu na gemu kwa pamoja, hii inaweza kuwa jibu la maombi yote mawili, mradi chuo hakimlazimishi kutumia programu za Windows.

Ukiipata, kuna gemu moja ya kuanza nayo. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na kufiwa na baba yake. Hadithi zake ni za Kibantu, na unaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili. Binti yangu alipowasikia aliuliza kama imetengenezwa Mombasa.

Ukinunua ya mkono wa pili, muuzaji aifute yote na kutoa akaunti yake ukiwa umekaa hapo. Angalia hifadhi ni ya ukubwa gani: ya bei ya chini kabisa mwanzoni ilikuwa na GB 64 tu, na hiyo haifiki gemu moja kubwa. Vitufe vya kidole gumba viache bila kuvigusa uone kama mhusika anatembea mwenyewe. Kisha cheza nusu saa, chaja ikiwa imechomolewa, adhuhuri, si usiku.